Viatu Vyangu Vilivyokuwa Vikitembea

Tangu pikipiki initupe mtaroni Keumbu, sijasimama. Miguu ipo, mizito na baridi, na mara mojamoja hurukaruka yenyewe bila kuniuliza. Mikono ndiyo iliyobaki na akili. Nayo ndiyo iliyonifikisha kwenye baiskeli ya mikono, ile ya kulalia chali ukizungusha pedali kwa viganja. Watoto wa kijijini kwetu Kiogoro huikimbilia wakidhani ni kitanda kimetoroka hospitali.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia viatu vyangu vikitembea alfajiri, sikumwambia mtu. Navijua viatu vyangu. Cha kulia hulia kisiginoni. Vilipita nje ya dirisha, vikashuka kwenye shamba la chai, kisha kimya. Kukipambazuka viko chini ya kitanda, vimepangwa, vina umande. Jumamosi tu ndiyo vilipumzika. Hata viatu vyangu ni Wasabato, nilijiambia, lakini sikucheka. Niliogopa sana.

Siku ya kupangwa madaraja ya mashindano ya baiskeli za mikono mjini Kisii, mama alinivalisha viatu hivyohivyo. Mashindano hayachanganyi watu ovyo: H1 ni wale ambao hata mikono imewagomea, H5 ni wanaoweza kupiga magoti kwenye baiskeli. Mimi nilitarajia H3, maana kiuno hakinishiki. Daktari na mtaalamu wa viungo waliniketisha bila kushika kitu. Nikaanguka. Wakagonga goti. Mguu ukaruka juu, kama mzima kabisa.

Mtaalamu akanivua kiatu, akakigeuza. Soli imelika, tope bado bichi.

“Hivi ni vyako?”

“Ni vyangu.”

“Nani huvitembeza?”

Anayejifanya mlemavu hupigwa marufuku, na kwetu jina la mwongo halifutiki. Lakini kilichonitisha zaidi ni swali nililojiuliza: au ni mimi?

Mama akainuka kwenye benchi.

“Daktari, usisumbue mtoto. Hiyo viatu ni mimi navaa. Kila Ijumaa napiga viatu ya nyumba yote rangi, tungojee Sabato. Nikashika yake, haina hata vumbi. Viatu ya mtu amekufa ndio hukaa hivyo. Sasa asubuhi naivaa nazunguka nayo shamba, ipate uchafu, Ijumaa nikuwe na kitu ya kupangusa.”

Walinipima upya, taratibu, wakanieleza kwamba mguu uliopooza huweza kuruka hivyo bila kutumwa. Wakanipa H3. Mama akanivalisha viatu, akafunga kamba kwa nguvu kama ninayekwenda mbali.

Jumapili alfajiri nilikuwa macho, nangoja. Kisigino cha kulia kikalia nje ya dirisha. Nikashika magoti yangu, yenye baridi ileile, nikajisikiliza nikitembea hadi kwenye chai.