Majani Katika Kitabu cha Yona

Jumapili, tarehe 13 Julai. Kumekucha na baridi ya kuuma masikio hapa Kinoo, mawingu yameshuka hadi karibu na mabati, na manyunyu yanaanguka bila kuamua kama ni mvua au si mvua. Sikuyalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo tangu mwezi uliopita.

Naandika haya ili yasinipotee, na kwa sababu mke wangu amesema nikiyasimulia kwa mdomo nitajipendelea. Sijui kama kalamu inasaidia. Shule niliiacha darasa la nane, na mambo ya Mungu nimejifunzia kanisani na kwa kusikiliza redio nikipiga randa. Kwa hiyo nikikosea, nimekosea kama fundi wa mbao, si kama mchungaji.

Mambo yenyewe ni haya. Karakana yetu iko mjini, upande wa River Road, na jengo lile litabomolewa mwisho wa mwaka. Bosi wetu, mzee wa Kisikhi aliyeirithi karakana hiyo kwa baba yake, amepata mahali pengine kule Karen, karibu na wateja wenye milango mikubwa. Aliniita kando akaniambia anataka niende niwe msimamizi. Nilifurahi mpaka aliposema neno la pili: mahali ni padogo, hatutaenda wote, na mimi ndiye nitakayechagua mafundi wa kwenda nao. Jibu alilitaka Jumatatu, yaani kesho.

Shida yangu ilikuwa mtu mmoja. Fundi mzee. Nilipokuja Nairobi kutoka Vihiga nikiwa sijui hata kushika patasi, yeye ndiye aliyenifundisha. Anaishi Dagoretti, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na siku hizi mlango ambao kijana anaumaliza leo, yeye anaumaliza kesho kutwa. Haki isemwe: mlango wake haurudishwi. Lakini bosi anapenda vitu vya leo. Nikimchukua mzee, kazi itachelewa na nitaonekana msimamizi wa huruma. Nikimwacha, nani atampa kazi na umri ule?

Mtu mwingine angeenda akamuuliza. Mimi niliona nimuulize Mungu kwanza. Kusema kweli, kumuuliza Mungu kulikuwa rahisi zaidi, kwa maana Mungu hasagi meno akikutazama.

Nina njia yangu, na si mimi peke yangu niliye nayo. Wengi katika ushirika wetu wanaitumia. Unafunga mdomo, unafunga macho, unaomba, unafungua Biblia popote itakapofunguka, unaweka kidole. Mahali kidole kilipoangukia ndipo jibu lako lilipo. Nikafanya hivyo. Ikafunguka katika Yona, pale anapoambiwa aondoke aende Ninawi, ule mji mkubwa. Nikashtuka. Kitabu cha Yona ni chembamba kama kipande cha mkate wa kibandani; ukikitafuta makusudi unakipita. Siku iliyofuata nikarudia. Yona. Nikarudia tena nikiwa nimeishika Biblia kichwa chini miguu juu, nisije nikaonekana ninaiba. Yona. Na juu ya ukurasa, mara hii nikaona alama ya kijani kibichi, imetandaa kama mto wenye matawi.

Basi nikajua. Karen ndiyo Ninawi. Ule mto sikujua ni mto gani, lakini karibu na Karen pana mito, nikaona unatosha.

Mke wangu sikumwambia. Yeye huuliza maswali. Ila Jumatano nilikwenda ushirika wa nyumba kwa nyumba, yeye akiwa kwa dada yake mgonjwa, na huko nikafungua mdomo. Nikaeleza mambo ya Yona na ya mto. Watu wakapiga vigelegele. Mama mwenyekiti wa ushirika, mjane mkarimu ambaye hajawahi kusikia ushuhuda asiupende, akasema, "Ndugu, hili si la kufungia nyumbani. Jumapili utasimama mbele ya kanisa lote."

Juu ya fundi mzee sikusema kitu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Mungu akisema nenda, basi ameshasema pia nani abaki. Sasa nikiisoma sentensi hiyo naona ilivyo mbaya. Siku ile ilionekana ina imani.

Jana asubuhi nimeketi mezani na chai, Biblia imefunguka mahali pake, kidole changu kiko juu ya mto wa kijani, binti yangu wa gredi ya tano akapita na sufuria.

"Baba, hapo ndio jani yangu ilikuwa."

"Jani gani?"

"Ya shule. Si tuliambiwa tukaushe majani? Mwalimu alisema tuweke ndani ya kitabu kizito zaidi kwa nyumba."

Nikamwangalia. Nikaiangalia Biblia. Hakuna kitabu kingine kizito katika nyumba yetu, labda ile orodha ya bei za rangi.

"Ulikuwa umeyaweka peke yako?"

"Na mama. Mama aliweka cherehani juu."

Mke wangu alikuwa mlangoni anafua. Alikuwa amenyamaza ule unyamavu wa mtu anayezuia kicheko. "Ni kweli, Baba," akasema. "Wiki mbili cherehani ilikaa juu yake. Uti wa mgongo wa hiyo Biblia ulivunjika hapo. Hata ukiitupa kutoka kwa ghorofa itafunguka hapo hapo. Kwani ulikuwa unatafuta nini kwa Yona?"

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia yote, pamoja na Jumatano, pamoja na ushuhuda. Akaacha nguo, akakaa kwenye beseni iliyogeuzwa, akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga yenye povu, kisha akalia kwa sababu ya povu.

"Na huo mto?"

"Nilidhani ni mto."

"Ni jani la mparachichi," akasema binti yangu. "Mwalimu alinipea kukaribia matarajio."

Wenye watoto shuleni wanajua: siku hizi mtoto haambiwi amepata ngapi kwa mia, anaambiwa amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko mbali nayo. Mke wangu akanitazama kwa upole mkubwa. "Basi wewe na mtoto mko sawa. Kwa mambo ya sauti ya Mungu, Baba, wewe pia unakaribia matarajio."

Nilikasirika, kidogo. Nilimwambia Mungu anaweza kutumia hata jani. Akasema anaweza, yeye hakatai. "Lakini kama ametumia jani kukuletea kitabu, si ungekisoma? Ulisoma mstari mmoja, ukafunga. Hata barua ya chifu huwa tunaisoma mpaka chini."

Hapo hakuwa anacheka. Akarudi kufua.

Nikaisoma. Yona ana sura nne tu, chai haikupoa. Kanisani nimesikia habari za samaki mara nyingi sana, nikadhani samaki akishamtapika mtu habari imekwisha. Haijaisha. Na kitu cha kwanza kilichonigusa ni kwamba Yona hakuwa na shida ya kutojua. Alijua vizuri. Aliambiwa, akaelewa, akakata nauli ya upande mwingine. Mimi nilikuwa nimejiweka katika nafasi ya mtu anayetafuta njia, kumbe kitabu kinamhusu mtu anayeikimbia.

Kitu cha pili kiko mwishoni. Yona amekaa nje ya mji, amenuna kwa sababu watu wamesamehewa. Mmea uliompa kivuli unakauka, naye anausikitikia hadi anataka kufa. Ndipo Mungu anamuuliza kama yeye aonaye uchungu kwa mmea ule hadhani Mungu naye awaonee watu uchungu, watu wengi wasiojua hata mkono wa kulia na wa kushoto, pamoja na wanyama wao. Hapo kinakwisha. Nikafungua ukurasa wa pili nikidhani jibu la Yona limevukia kule. Nikamkuta Mika. Hakuna jibu. Swali limeachwa linaning'inia kama koti.

Mimi si msomi. Inawezekana nimekielewa kombo, na mchungaji angekieleza vingine. Lakini nilikaa pale nikiangalia alama ya jani, nikaona kwamba mwezi mzima nimeshughulikia jani, na mtu niliyepaswa kumhurumia nilikuwa sijamtaja hata katika maombi.

Nikavaa koti nikaenda Dagoretti.

Fundi mzee nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, ananoa patasi juu ya jiwe. Jumamosi alasiri, na bado ananoa. Nikamsalimia kwa mikono miwili.

"Ona huyu," akasema bila kuinua kichwa. "Bado ni mikono miwili. Tangu mwezi jana. Mimi nimekuwa askofu?"

"Ni heshima tu, mzee."

"Heshima. Na chai je? Kila saa nne unaninunulia chai na andazi. Nikamwambia mama huku nyumbani, huyu kijana aidha anataka kunizika au anataka kunifukuza."

Akaniangalia sasa, miwani imeteleza puani.

"Bosi amekupa Karen."

"Ulijua?"

"Alikuja na futi akapima milango, halafu akakuita wewe kando, halafu wewe ukaanza kununua andazi. Unataka niambiwe na nani tena? Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nikasema, kijana wangu ataniambia Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nikasema nyingine."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nikamweleza jinsi nilivyomuuliza Mungu, na Yona, na jani la mparachichi, kwa maana nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa. Alicheka mpaka patasi ikamponyoka. Kisha akaokota patasi, akaifuta kwa suruali.

"Sikiza, kijana. Mimi ni mtu wa kanisa tangu ubatizo. Mungu sikatai. Lakini mimi niko hapa Dagoretti, si mbali, na mdomo ninao. Kwa nini ulizunguka na Ninawi?"

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Niliogopa ukisema unataka kuja. Na niliogopa ukisema hutaki."

Akaendelea kunoa. Nikamwambia lile nililokuwa nimekuja kusema: kwamba nikienda Karen nataka aje, kazi za maungio na za milango mikubwa ziwe zake, vijana wafanye za haraka, na bosi nitamwambia hivyo Jumatatu. Bosi akikataa, tutajua. Nikamwambia pia ukweli, kwamba bosi anaweza kweli kukataa, na kwamba mimi nitakuwa msimamizi juu yake, jambo ambalo mimi mwenyewe silioni likikaa vizuri.

"Nitakuja kwenu kesho jioni nile," akasema. "Nikishiba nitakujibu. Mtu hajibu mambo kama haya na njaa."

Leo kanisani mama mwenyekiti alinikaribisha mbele kwa nyimbo mbili. Nikasema nilichosema Jumatano, kisha nikasema habari za cherehani. Mtu wa nyuma akaanza kucheka, na kanisa lote likaangua kicheko. Binti yangu alijificha chini ya benchi. Nikaongeza kwamba Yona nimemsoma mpaka mwisho, na kwamba kuna mzee niliyepaswa kumwendea tangu mwanzo, na jana nimemwendea. Nikakaa.

Mama mwenyekiti hakukata tamaa. "Bwana asifiwe! Hata jani ni lake!" Na mimi, ili nisimwonee, naandika hapa kwamba huenda amesema kweli. Bila jani nisingefika kwa Yona, na bila Yona nisingefika Dagoretti. Mke wangu anasema bila yeye nisingesoma mpaka chini. Huyo pia amesema kweli. Sijui nimpe nani shukrani nyingi zaidi, nimezigawa kadiri nilivyoweza.

Jioni mzee alifika na koti la mvua na mfuko wa viazi kutoka kwao. Mke wangu alikuwa amechinja jogoo. Kwetu magharibi firigisi ni ya mwenye nyumba, haiulizwi, na mke wangu huiweka kwenye sahani yangu hata tukiwa tumegombana. Leo niliichukua nikaiweka kwenye sahani ya mzee. Mzee ni mtu wa hapa Kiambu, desturi zetu hazijui sana, lakini aliona binti yangu ameacha kutafuna. Akaiangalia ile firigisi.

"Hii ina maneno," akasema.

"Ina maneno, mzee," akajibu mke wangu. "Kula kwanza."

Akaila polepole, kama anavyofanya kila kitu. Kisha akanawa vidole, akasema, "Kesho mwambie bosi patasi zangu zinataka kabati lenye kufuli. Vijana wako wataziharibu wakifungulia soda."

Nikasema nitamwambia. Bosi atasemaje, sijui bado.

Tulikula kuku wa mchuzi, ugali, na mrenda, ambao mzee aliukataa, akisema chakula kinachoteleza namna ile kinataka kumtoroka mtu. Viazi vyake tumeviweka vya asubuhi.