Pikipiki Iliyoacha Kukohoa

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Tangu ujana siwezi kuvumilia kuona mashine inaugua halafu mwenyewe anaiangalia tu. Ufundi niliufundishwa jeshini wakati wa vita, nikarudi Same na kisanduku cha spana na kichwa kilichovimba. Nikafungua karakana ya mabati karibu na stesheni ya reli. Magari ya kutengeneza yalikuwa machache siku zile za Mwingereza, kwa hiyo muda mwingi niliutumia kugombana na kaka yangu juu ya pikipiki yake.

Kaka alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika zahanati ya misheni pale Same. Ile pikipiki aliachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao, na hata wakati huo ilikuwa kuukuu, tangi lake limepigwa rangi juu ya rangi. Kila Jumatano aliipandisha milimani, kupitia Vudee, hadi vijiji vya kuelekea Chome, sanduku la dawa limefungwa nyuma. Huku chini kwenye tambarare ilikwenda bila neno. Ikianza kupanda tu, maradhi yanaanza.

Ugonjwa ulikuwa koili. Koili ni kile kikopo kinachouchukua umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka uruke kwenye plagi na kuwasha petroli. Ya kaka ilikuwa imezeeka. Ikipata moto kwenye mlima, cheche inafifia, injini inaanza kukohoa: paa, kimya, paa, paa, kimya. Bonde zima lilisikia. Mimi niliona aibu kama vile ni mke wangu anatukanwa barabarani.

"Kaka, lete nikubadilishie hiyo koili."

"Niachie hivyo hivyo, bwana. Wagonjwa wangu wananijua kwa kikohozi hicho."

Hakuwa anatania. Nyumba za kwetu zimejishikiza kwenye miteremko, mbali na barabara, na pikipiki haifiki. Watu wakisikia kikohozi kule bondeni wanajua dresa anakuja, na kwa zile kona zote bado ana saa nzima. Basi wanaume wanamtoa mgonjwa ndani, wanamlaza kwenye machela ya miti na blanketi, wanashuka naye mpaka kando ya barabara. Kaka akifika anamkuta tayari. Hakuna aliyewapangia utaratibu huo, waliuzoea tu.

Na mwaka huo milima ilikuwa na hofu. Watu walikuwa wameikataa kodi mpya, na karani wa kodi alikuwa akizunguka na pikipiki ya serikali, mpya, inayonguruma sawasawa bila kusita, askari amekaa nyuma yake. Mwanamume akikamatwa anashushwa Same kwa miguu. Kwa hiyo ngurumo ile ikisikika, wanaume walikuwa wanaingia porini.

Hayo yote niliyajua. Nayasema ili mtu asinionee huruma bure.

Jumatatu moja kaka aliniletea pikipiki kwa ajili ya pancha, akaniachia mpaka kesho yake. Pancha ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilipomaliza nikaitazama ile koili, nayo ni kama ikanitazama. Ndani ya karakana nilikuwa na koili nyingine, kubwa, niliyoitoa kwenye gari lililopinduka njia ya Mwanga, nayo ni ya volti sita vilevile. Nikasema, leo ndiyo leo. Nikafungua ile ya zamani, nikaifunga hiyo nyingine chini ya tangi kwa utepe wa bati, nikabadilisha na ule waya mnene wa plagi. Vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme nikavisugua kwa msasa laini, nikapima nafasi yake kwa wembe. Nikaipiga teke moja. Loo! Ilinguruma kama imetoka dukani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Asubuhi, kabla kaka hajafika kuichukua, akaingia jirani yetu wa kijijini, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ameshuka usiku kucha. Baba yetu, aliyekuwa akiishi na mama kule mlimani, ameshikwa na kichomi, alisema, siku ya tatu leo, na pumzi inamkatika. Kaka alipokuja tukamwambia. Alikimbilia zahanati, akarudi na sindano na dawa. Hakuuliza habari za pancha.

"Panda nyuma, ushike sanduku," aliniambia.

Kulikuwa na baridi, nikavuta koti langu la jeshi nikalivaa. Jirani tulimwacha apumzike.

Ilipowaka kaka alinigeukia. Aliielewa mara moja. Kuirudisha koili ya zamani kungechukua nusu saa, na baba alikuwa anakata roho mlimani. Nani angekaa chini ashike spana? Tukaondoka.

Nitasema ukweli wote. Nilikuwa na hofu ya baba, lakini pia nilikuwa na furaha. Tulipanda ile milima bila kusita hata kona moja. Kaka hakulazimika kushuka kusukuma. Nilimpigia kelele sikioni, "Unaisikia?" Aliongeza mwendo tu.

Tulipita Vudee, tukaanza zile kona za juu. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Hakuna mwanamume shambani, hakuna mtu njiani. Kaka akasema, "Leo siwaoni watu." Nikamjibu, "Tumewawahi. Bado hawajateremka." Jamani! Nilisema hivyo kwa majivuno.

Tulifika mahali ambapo njia ya kwetu inaachana na barabara. Machela haikuwepo. Kaka akaegesha, akachukua sanduku, akapanda mbio hadi nyumbani, mimi nyuma yake nikihema. Mama alitoka mlangoni, akashika kichwa.

"Mmempita wapi baba yenu? Wamemchukua tangu alfajiri. Walisema hawangoji kusikia pikipiki, watawafuata chini."

Kaka aligeuka akatazama barabarani. Kisha akasema, polepole sana, "Wamejificha." Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Tulirudi barabarani tukaiwasha tena pikipiki, tukashuka, na hilo ndilo kosa letu la pili, maana waliisikia inarudi wakaingia ndani zaidi. Tulishuka kona tatu ndipo kaka akaizima, akaitupa pembeni, akaanza kutembea huku akiita kwa Kipare kwa sauti yake yote: ni mimi, ni dresa, ni mimi. Nami nikaita. Tuliita mpaka sauti zikatukauka.

Walitoka wanne, kwenye kichaka kilichokuwa hatua kama kumi na tano kutoka barabarani. Machela ilikuwa begani. Hawakuharakisha, na kwa mwendo wao tu nikajua. Kaka aliwaambia wamshushe, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa baba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwili ulikuwa bado una joto. Sanduku la dawa hakulifungua.

Tulimzika kesho yake. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa mdomo. Wabebaji walikuwa ndugu na majirani, watu wazima, walilia kuliko sisi. Kaka hakunigombeza hata neno moja, wala wakati ule wala baadaye, na nasema wazi kwamba heri angenipiga.

Baada ya matanga, nilipokuwa nafunga virago nishuke Same, mtoto wa shangazi yangu alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa mmoja wa wale wanne, ndiye aliyelala karibu na baba kule kichakani. Alisema hawezi kulala mpaka aniambie.

"Mmoja wetu alichungulia, akaona koti la askari nyuma. Tukalala kifudifudi. Lakini mjomba aliwasikia mlipopita mara ya kwanza. Akafungua macho. Akasema, 'Hao ni wanangu. Mdogo ameitengeneza.' Akataka kuita."

"Halafu?"

"Tulidhani ni homa inasema. Nikamziba mdomo kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono mbele yangu, kiganja juu. "Kidogo tu, mpaka mpite."

Nikakaa chini kwenye majani ya migomba. Huyo mtu alikuwa anaungua moyo kwa kosa lisilo lake, nami ndiye niliyelifunga chini ya tangi kwa mikono yangu, nikicheka. Nikamwambia asijilaumu. Nikamwambia ni mimi, ni mimi niliyeibadilisha koili.

Akafuta machozi, akaniuliza koili ni kitu gani.