Nguruwe Wangu wa Kwenye Simu

Nianze kwa kukiri kwamba mimi, Rashidi, mwanaume mwenye ndevu, karani wa ghala la korosho, nilikaribia kukosa mke kwa sababu ya nguruwe ambao hawapo. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mnalijua lile gemu la kujenga, kila kitu cha mraba mpaka jua? Mimi na rafiki yangu Sadiki tulikuwa tunalicheza kwenye simu kila siku, tuna dunia yetu humo, tumejenga, tumelima, na mimi nikawa mfugaji, maana ufugaji wa humo ni raha tupu: unachukua wanyama wawili, unawapa chakula wanachokipenda, vimoyo vinatokea juu ya vichwa vyao, na kitoto hicho hapo (hakuna mimba, hakuna bwana mifugo). Ng'ombe wanataka ngano. Nguruwe wanataka karoti.

Basi Jumapili moja nikaenda Mpapura kwa wazazi wa mchumba wangu Zuhura, posa imeshapokelewa, bado kupanga siku ya ndoa tu. Nimekula ugali wa muhogo nimeshiba, Sadiki akapiga simu. Nikatoka nyuma ya nyumba kuipokea, na mimi kwenye simu huwa napaza sauti kama niko kwenye kivuko cha Kilambo naongea na mtu wa ng'ambo ya mto.

"Nguruwe wangu wamezaa tena? Wape karoti, wawili wawili! Zizi likijaa chinja, nyama tutakula wote!"

Nageuka, mama yake Zuhura huyo hapo, kashika ndoo ya maji, hatikisiki.

Niliporudi ndani, baba mtu, Mzee Salumu, alikuwa ameshaambiwa.

"Mwanangu Rashidi, kwani wewe unafuga?"

Hapo ndipo pa kusema, "Baba, ni gemu." Yakaisha. Lakini nikaona aibu, mtu mzima naenda kuoa halafu nionekane nacheza michezo ya watoto, nikajikuta nasema, "Ndiyo Baba, nafuga. Mbuzi. Mama amesikia vibaya." (Zuhura alinikata jicho, maana anajua kwangu Likombe hakuna hata kuku.)

"Mbuzi wanakula karoti?"

"Hawa ni wa kisasa, Baba."

Mzee akasema, "Basi Jumamosi tutakuja kuwaona hao wa kisasa."

Wiki nzima usingizi ulinipaa. Jirani yangu Mwalimu Tumaini, mtu wa Iringa, anafuga nyuma ya nyumba yake, nikamwomba aniazime mbuzi wachache kwa asubuhi moja tu. Alinicheka, akanipa. Nikawafunga uani kwangu, nikafagia, nikawamwagia na karoti zenyewe ili uongo uwe na ushahidi.

Wakaja: Mzee, mama, Zuhura, na shangazi yake Bi Fatu, ambaye habari ikimfikia imefika mji mzima. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, Mzee akampapasa mbuzi mmoja, akamkagua meno, akasema, "Wana afya." Nikavimba kichwa! Nikaanza kutoa darasa, eti siri ni kuwalisha wawili wawili, Zuhura anatazama pembeni, kumbe huko kwake Mwalimu Tumaini, bila nia mbaya, kagonga sufuria kuita mifugo yake ije kula pumba. Lo! Mbuzi wakakurupuka na kamba zangu (mafundo nilifunga mwenyewe, niacheni), wakapita mlangoni kama watoto wa shule kengele imelia. Mzee akawafukuzia ili anisaidie, sisi nyuma yake, Bi Fatu kakunja kanga, majirani wametoka kutazama, mpaka ndani ya ua wa Mwalimu. Na pale, ubavuni mwa banda la mbuzi, nani wametoa pua juu ya ubao wanatutazama? Nguruwe. Wanene, wa kweli kabisa.

"Astaghfirullah," Bi Fatu akasema, akaketi juu ya ndoo. "Kumbe kweli!"

Mwalimu akakimbilia kunitetea. "Hapana, mama! Nguruwe ni wangu. Na mbuzi ni wangu. Rashidi hana mnyama hata mmoja!"

Mzee akanigeukia taratibu. "Huna mbuzi, huna nguruwe. Mama Zuhura alisikia nini?"

Nikatoa simu. Mtaa umejaa, nikafungua gemu nikampa. Akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hawa ndio nguruwe?"

"Ndio, Baba."

"Mbona wana kona kona kama maboksi?"

"Ndivyo walivyo."

"Na wanazaaje?"

Ikabidi, mbele ya mama mkwe, shangazi na Likombe nzima, niwalishe wawili karoti, vimoyo vikatokea, kitoto kikadondoka. Watu wakaangua kicheko, Zuhura akacheka mpaka akashika ukuta, mama yake akajifunika mtandio, mabega yanamtikisika. Mzee peke yake hakucheka.

"Ungeniambia siku ile ile nyumbani," akasema, "ningecheka, nikakuozesha. Sasa kukuozesha nitakuozesha, lakini kucheka sicheki."

Na hakucheka, jamani, hata siku ya ndoa yenyewe.

Gemu sijaacha, siwadanganyi. Ila niliapa: mtu akinikuta nimeinamia simu akauliza nafanya nini, awe bosi, awe shehe, namjibu papo hapo kwa sauti, nacheza gemu, mzee. Aibu yake ni ya dakika moja tu.