Ka-jiwe keupe mu kichwa ya Baba Charlotte

Hapana, hatukumufukuza. Bwifi yangu Bernadette, dada mukubwa ya bwana yangu, alibakia mu nyumba yetu kule Shituru, mu Likasi, mupaka kufa kwake. Alikufa muzee, meno yote ilisha kutoka, lakini kinywa ya kunitukana ilibakia ile ile.

Sasa nianze muzuri. Jambo yenu, bakubwa ba hapa.

Minye sikusoma. Mutoto wangu Charlotte njo anaandika, minye nasema. Akitia uongo nitajua, juu yeye anachekaka mbele ya kudanganya.

Ilikuwa ile miaka Zaïre ilikuwa inaanguka. Usine, kiwanda ya shaba, ililala. Bantu balilima mihindi mupaka pa mulango.

Asubui moja Baba Charlotte, bwana yangu, anakunywa chai. Chai inatoka pembeni. Naangaria: kinywa ilikimbia kushoto, jicho ya kuume inakatala kufunga. Mukono iko muzuri, muguu iko muzuri, ni sura tu ililala nusu.

Anataka kuniita "bibi", inatoka "fifi".

Nilicheka mbele ya kulia. Mungu anisamehe.

Kwa hospitali, docteur alikuwa mutu ya haraka, anasema mu pua: "Paralysie faciale, mama. Mupige radio ya kichwa. Mwingine."

Ile wakati kupiga radio, ile picha ya ndani ya mwili, ilikuwa kazi. Unakuja na maji yako mu bidon, ya kusafisha film. Na film yenyewe balikata katikati: nusu kwa kichwa ya bwana yangu, nusu kwa mukono ya mutu moja alianguka kule Kamatanda.

Mwenye kupiga, tulimuitaka Papa Radio. Mutu mupole, anasema pole pole sawa anatangaza kilio. Akatundika film inje pa kamba, katikati ya mashuka ya hospitali, ikauke. Kisha akatupana ile film mu mukono. Ilikuwa ni bile: kila mutu anaenda na film yake. Ya bale habakurudia kuchukua, alizichunga mu karto.

"Docteur ataisoma siku ya mardi, mama."

Mardi docteur alisha kwenda. Balisema Zambia. Hakurudia.

Hapa njo kosa yangu. Minye nabakia na kichwa ya bwana mu mukono, hakuna mutu ya kuisoma. Na nilikuwa na kiburi nayo kidogo. Naonyesha majirani pa dirisha: "Mama Jeanne, weye, kichwa ya bwana yako ulisha kuiona ndani? Ona, ya wangu iko na bintu."

Kisha nikaipeleka kwa maombi, kule bandugu ba bwana yangu balikuwa banaomba.

Pasteur ya kule akainyanyua pa mwangaza. Katikati ya kichwa kulikuwa ka-jiwe keupe, sawa mbegu ya ndimu.

Pasteur alikuwa anavutaka sauti sawa mutu anavuta kamba ya kisima: "Maaama. Kintu hii baliitupa mu kichwa na bulozi. Na mwenye kuitupa iko mu nyumba. Munakula naye bukari mu sahani moja."

Macho yote kwa Bernadette, mwenye alikuwa anaikala kwetu.

Bakubwa, Bernadette alikuwa mujane, bila mutoto. Bandugu ba bwana yake balisha kumukamata bintu yote, mupaka kitanda. Bazazi balikufa. Hakukuwa nyumba ingine mu Likasi yenye ingemupokea, zaidi kama balisha kumuita mulozi.

Bantu ba maombi balisema siku ya dimanche aungame mbele ya bantu yote, kisha atoke kwetu.

Siwezi kudanganya hapa: siku mbili nilichunga sahani ya Charlotte mbali na mukono ya Bernadette. Minye mwenyewe, mwenye kuchekaka bantu.

Vendredi, siku mbili mbele ya ile dimanche, namukuta Bernadette anakunja bikwembe, nguo yake ya kwenda nayo. Hakulia. Ananiambia: "Bwifi, sufuria ya sombe unaisugulia na majivu, hapana na muchanga. Utaiharibu."

Kisha akaenda kwa bwana yangu, akachovya kitambaa mu maji, akamupanguza ile jicho haifungi, sawa alifanyaka kila asubui tangu ugonjwa ianze. Anamutania: "Fifi wako anakuangaria mubaya."

Nikasema mu roho yangu hapana. Mulozi gani anakaa kupanguza?

Kesho yake, samedi, nikakamata film, nikaenda kwa Papa Radio. Pasteur naye, kusikia bile, akasema: "Twende pamoja. Hata mashini ilisha kushuhudia."

Mbele nimalize, mujue kwamba kinywa ilirudia yenyewe. Mu mwezi ya pili ya ugonjwa bwana yangu alisema "bibi" muzuri kabisa, na ilikuwa kunilomba chumvi.

Fundisho yangu ni hii: ukipata picha ya ndani ya mwili yako, peleka kwa mutu ya ile kazi, hapana kwa dirisha ya jirani. Na kama kwenu pia picha ya hospitali ilisha kuleta kesi, andikeni hapa chini, Charlotte atanisomea.

Sasa samedi.

Lampe ya kusomea film ilisha kufa, Papa Radio akasimama pa dirisha. Akaangaria ka-jiwe yetu. Anasema pole pole: "Hii ni ka-kintu kadogo ka katikati ya bongo. Kila mutu iko nako. Kwa bakubwa mingi inakauka sawa jiwe, njo unaiona mweupe. Haiko ugonjwa. Haikupinda kinywa."

Pasteur akacheka. "Papa, ya mwili unajua. Ya roho, hapana."

 Papa Radio akafungua ile karto ya film, akatosha film ingine ya kichwa, akamupana Pasteur.

Pasteur anaangaria, anavuta sauti: "Maaama. Huyu njo balimumaliza. Ka-jiwe kake ni kakubwa kupita ile ya kwanza. Huyu analala na mulozi nyumba moja. Bibi yake, ao mama yake. Bamutoshe leo leo."

Papa Radio akageuza film, akasoma jina pa pembeni, na sauti yake ile ya kilio:

"Pasteur, hii ni kichwa yako. Ya ile siku ulianguka na baiskeli."