Nilivyompokea Msomi Stesheni

Nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi nauza mchele sokoni Kashaulili, na binti yangu Yustina alikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, akisomeshwa na serikali. Mwezi uliopita aliniita kwenye simu ya posta. Laini ilikwaruza, lakini nilisikia vizuri: "Mama, miaka yangu ya kulipiwa na serikali imekwisha. Nakuja nyumbani."

Nikajua kamaliza! Nikapiga kigelegele mbele ya karani, nikakimbilia sokoni kutangaza. Jirani yangu Mama Deusi, aliyemwoza bintiye mapema, nilimwambia bila haya, "Nyie mlioharakia mahari, sasa mtaona."

Treni ilipoingia nilikuwa stesheni na kwaya nzima ya kigango, ngoma zinalia. Yustina akashuka na godoro limefungwa kamba. Nikamvisha kitenge kipya, nikapaza sauti, "Mtazameni msomi aliyemaliza!"

"Sijamaliza, mama," akasema, machozi yanamtoka. "Ule mwaka nilioumwa niliurudia. Serikali inalipia miaka ya kozi tu, ya kurudia hailipi. Umebaki mwaka mmoja, na wamenitoa bwenini."

Ngoma zikanyamaza. Kumbe hata kuugua kwa mtoto wa maskini kunahesabiwa! Lakini hasira yangu nikamtupia yeye, mbele ya watu wote: "Kwa nini hukuniambia, ukaniacha niaibike hivi?"

Yustina akanitazama.

"Nilikuwa nakwambia, mama. Ukakata simu."