Mposaji Aliyekataliwa na Tumbo Langu

Yule kijana alipovua viatu mlangoni na kusema shikamoo bibi, tumbo langu lilikuwa limeshamkataa. Marahaba nilimwitikia, maana marahaba hanyimwi mtu, lakini mkono nilimpa vidole tu.

Alikuja na mjomba wake, Jumamosi baada ya adhuhuri, kujitambulisha kabla hawajaleta washenga. Alimtaka mjukuu wangu, yule anayekaa mapokezi katika ofisi moja kule Raskazone. Nimemlea tangu ana miaka sita, baba yake, ambaye ndiye mwanangu, alipotangulia mbele ya haki. Walii wake ni ami yake, yuko Dar es Salaam, na kwenye simu aliniambia, "Mama, wewe ndiye unayemjua mtoto. Ukisema ndiyo, nakuja kuozesha. Ukisema hapana, siji." Kwa hiyo neno lilikuwa langu, na mtoto mwenyewe alikuwa jikoni anachemsha kahawa huku sikio liko sebuleni.

Majina yao wote ninayo, hata ya mabibi zao waliozikwa zamani. Siyaandiki. Wapo hai, na wanasoma.

Nilimwangalia vizuri. Fundi wa mashine za boti, wa Pangani, ng'ambo ya mto. Shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa, kiti chenye mto amempisha mjomba wake. Nilikuwa natafuta kosa na silioni, na hilo nalo likaniudhi.

Nikamtupia utani, kama ilivyo haki ya bibi. "Haya mume wangu, umekuja kunioa mie au huyo mke mwenzangu jikoni?"

"Nyote wawili, bibi," akasema. "Ila mahari yako wewe sitaiweza."

Mjomba mtu akacheka mpaka akapaliwa. Jikoni nikasikia kijiko kinaanguka. Jibu lilikuwa zuri, sikatai. Lakini tumbo halikulegea.

"Kwenu mnaishi wangapi?" nikamuuliza.

"Mimi na mama tu, bibi."

Alijibu swali halijaisha kunitoka. Na mjomba, aliyekuwa akicheka sasa hivi, akaanza kuitazama kahawa yake kana kwamba imeingia nzi.

Walipoondoka mjukuu wangu akaja na kitambaa cha kufutia meza. "Umemwonaje?"

"Ana jambo."

"Jambo gani?"

"Silijui."

"Bibi, hata polisi akikukamata anakwambia kosa lako."

Lakini mie sikuwa nabahatisha. Kazi yangu ya maisha ni kukanda wazazi, wanawake waliojifungua. Kuanzia Tongoni nilikozaliwa mpaka huku Tanga mjini nimewakanda kwa maji ya moto, nimewafunga mkaja tumboni, nimewanywesha uji wa pilipili manga. Nikiingia chumbani kwa mzazi, kabla sijamgusa najua kama amelala au amelia. Mara mbili nimesimama mlangoni nikasema mpelekeni hospitali sasa hivi, na mara zote mbili walifika imebaki kidogo tu tuwapoteze. Wakaniuliza umejuaje. Nikawaambia tumbo limeniambia.

Na ninaikumbuka pia siku ambayo tumbo lilisema na halikusikilizwa. Mume wangu wa kwanza wazee walimchunguza sana: ukoo wake, shamba lake, swala zake. Wakaridhika. Mie nilipomwona tu nilihisi baridi tumboni, lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, nani aniulize? Mwaka wa pili ikajulikana ana mke na watoto Mombasa. Nilirudi kwetu na sanduku moja. Tangu siku hiyo nikisikia ile baridi sibishani nayo.

Jumatatu nikapanda basi la kwenda Pangani, sikumuaga mtu. Nikavuka mto kwa pantoni, na ng'ambo nikanunua bagia kwa mwanamke mmoja pale karibu na gati, ili nipate pa kuanzia maneno. Nikamuuliza habari za fundi wa boti.

"Yule? Hana neno. Mtulivu. Mama yake mtu wa swala."

"Ana mke?"

"Mke? Mh. Sijasikia." Na akaanza kugeuza bagia ambazo hazijaiva hata upande wa kwanza.

Sikuuliza tena. Nikajipitisha nyuma ya nyumba yao kama mtu aliyepotea njia. Ua wa makuti, na juu ya ua kamba, na kwenye kamba vitambaa vyeupe vya mraba, vipya, vingi. Upepo ukageuka, ukaniletea pilipili manga, samli na ubani. Nikasimama pale pale. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye lile shati lililopigwa pasi. Pua yangu iliijua tangu mlangoni, kichwa ndicho kilichochelewa. Kisha mkono wa mwanamke kijana ukatokea kuanua kitambaa kimoja, na aliponyoosha mkono nikauona mkaja umembana tumboni.

Sikupiga hodi. Ya nini? Ana mke, na mke amezaa. Nikarudi kwenye pantoni roho imenikunjuka kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilikuwa namwonea huruma mjukuu wangu, lakini chini ya huruma nilikuwa nafurahi kwamba sijakosea.

Nyumbani nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na macho yake yakajaa, lakini hayakumwagika.

"Ile nyumba ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama yake."

"Na huyo mwanamke ni uzazi wake wa kwanza?"

"Vitambaa vyote vipya, mkono wenyewe wa kitoto. Wa kwanza."

"Bibi, mkandaji ni wewe. Mwanamke wa uzazi wa kwanza anajifungulia kwa mkwewe, au kwa mama yake?"

Nikakaa kitako. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao. Binti zangu wote wawili walirudi kwangu, nikawakanda mwenyewe. Mabinti wa watu nimewafuata kwa mama zao mpaka nimesahau idadi. Mzazi niliyemwona alikuwa mtoto wa nyumba ile, na jambo hilo angelijua msichana yeyote wa hapa mtaani. Mie nililipita kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta.

"Ana dada?" nikamuuliza.

"Ana mdogo wake wa kike. Aliniambia yuko Korogwe, anasoma."

"Basi na wewe kakudanganya."

"Kanificha."

"Tofauti yake nini?"

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nami sikupata nafuu yoyote, nikaona nina mashaka mawili badala ya moja. Mtu anayeweza kuficha binadamu mzima na mtoto anayelia katika nyumba ya vyumba viwili, kesho atamficha mjukuu wangu nini? Lakini nani asiyejua kwa nini msichana huyo anafichwa? Kama hayo yangetokea kwangu, huenda hata mie ningesema yuko Korogwe.

"Usimpigie simu," nikamwambia. "Nitakwenda tena. Nataka nimkute hajajiandaa."

"Ukimwaibisha yule msichana, bibi, nami sitakusamehe."

Alhamisi nikarudi Pangani na mfuko: chupa ya samli, pilipili manga, na mkaja mpya umekunjwa juu kabisa. Safari hii nikapiga hodi mlango wa mbele. Akatoka mama yake kijana, akasimama katikati ya mlango na mikono huku na huku.

"Karibu, dada. Sijui nani mwenzangu?"

"Mie bibi wa yule binti wa Tanga."

Uso ukamshuka. Na papo hapo, ndani, kitoto kikalia, kile kilio chembamba cha siku chache.

"Mna mgeni," nikasema.

"Wa jirani huyo. Ameniachia mara moja, kaenda dukani."

Mikono yake iling'aa mafuta ya nazi mpaka kwenye kiwiko. Nikakaa barazani bila kukaribishwa, mfuko magotini. Kijana akatokea upande wa uani anafuta mikono kwa kitambaa cheusi. Akaniona, akauona mkaja, akamtazama mama yake. Mama akamkonyeza. Nililiona hilo konyezo, na nikanyamaza, kwa kuwa nilichokifuata Pangani kilikuwa hapo: atafanya nini sasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa jirani mzima?"

Akakiweka chini kile kitambaa. "Mama, basi," akasema. "Bibi, yule ni mpwa wangu. Mdogo wangu kajifungua, leo siku ya kumi na moja. Hajaolewa."

"Umetuumbua!" mama yake akasema. "Mbele ya wakwe!"

"Nimechoka kunong'ona ndani ya nyumba yetu, mama." Kisha akanigeukia. "Nilikwambia tuko wawili, bibi. Nilisema uongo."

"Na mjukuu wangu ulimwambia yuko Korogwe."

"Ndiyo. Na yeye nilimdanganya."

Nikamngojea aseme "lakini". Nimeishi na wanaume wawili na nimezaa wengine watatu, sijapata kusikia mwanamume anakiri bila "lakini" nyuma yake. Nilingoja mpaka mama mtu akaanza kulia. Haikuja. Na hapo tumbo langu, lililokuwa limejikaza tangu Jumamosi, likalegea, na mdomo ukasema kabla sijaushauri: "Waambie washenga waje."

Nikaomba maji ya moto, nikaingia ndani kumkanda yule msichana. Mama yake alikuwa akimfunga mkaja juu mno. Msichana hakuniangalia usoni hata mara moja mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Utasema Tanga?"

"Nitasema umejifungua salama," nikamwambia.

Nilifika nyumbani najiona mtu mwema. Nikamwambia mjukuu wangu nimekubali, nikangoja anikumbatie.

"Wewe umekubali," akasema. "Mimi bado. Aliyedanganywa miezi yote hii ni mimi."

"Mtu amekiri, mwanangu."

"Kakiri kwako, umemkalia barazani na mkaja. Kwangu hajakiri."

Nikavua baibui, nikaketi. Alikuwa na haki, na neno nililodhani ni langu halikuwa langu. Kijana alikuja Tanga peke yake, wakazungumza kwenye ukuta wa baharini Raskazone, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Walisemezana nini sijui, na nilijaribu sana kujua. Mwishoni mjukuu wangu akaja na sharti: atakubali posa ikiletwa baada ya arobaini kwisha, na yule msichana awe miongoni mwa watakaoileta, na mtoto wake mkononi, mchana, kwa mlango wa mbele.

Wakaja hivyo hivyo. Mtaa mzima ulimwona yule msichana akishuka kwenye bajaji na mtoto kwenye kanga mpya. Mama yake alitembea nyuma yake, kichwa chini, kisha baada ya hatua chache kichwa juu. Mjukuu wangu alimpokea mtoto kabla hajapokea barua ya posa, na barua ilipofunguliwa akasema ndiyo yeye mwenyewe, kwa sauti, sikumsemea.

Nami nilifurahi. Lakini nikamwona bwana harusi wetu, katikati ya vigelegele, anatupa jicho mlangoni kila mtu anapoingia, kama mtu aliyezoea kuficha, au ambaye bado ana la kuficha. Sikumwambia mtu. Nimeliweka moyoni.