Viwanja alivyochagua Chela

Leo asubuhi nimempigia Chela simu nimuulize Jumamosi tunacheza wapi. Iliita mpaka ikakatika, ndio nikakumbuka.

Chelangat, huyo Chela wangu, alifariki Jumatatu. Nimeandika hiyo sentensi na bado naisoma kama habari ya mtu mwingine.

Kwa wasiomjua: alikuwa afisa wa shambani kwenye kiwanda chetu cha chai, mimi niko ofisi ya HR. Kwa miaka sita alikuwa pia mwenzangu wa gofu. Ndiyo, gofu. Yeye Mkipsigis wa Roret, mimi Mkisii wa Sotik, na seti moja ya fimbo za mtumba tukipokezana.

Yeye ndiye alinianzisha, siku ya michezo ya wafanyakazi. Mpira wangu wa kwanza uliruka ukapotelea ndani ya chai. Akaniambia, "Boke, wachumaji watauleta kesho pamoja na majani. Piga mwingine."

Kuchagua uwanja ilikuwa kazi yake. Hakujali urefu wala sifa. Alikuwa anapiga simu clubhouse na kuuliza mambo mawili: "Wanaojifunza mnawacheka? Na chai yenu mnapika ama ni ya kuchovya vifuko?"

Ikiwa ni ya kuchovya, hatuendi.

Kuna mahali mtu wa mlangoni aliangalia viatu vyake akasema hapa ni wanachama tu. Chela akajibu kwa heshima, "Asante baba, tutarudi." Kwenye gari akasema, "Hatutarudi." Tukaenda uwanja mdogo wa mashimo tisa, mvua ya saa nane ikatukuta huko, tukacheza tu tukiwa tumelowa. Sijawahi kucheka vile.

Halafu mwaka jana akabadilika. Akawa anachagua viwanja vifupi vya tambarare, kila wiki. Nikitaja ule wa milima upande wa Nandi, anasema, "Huo siku ingine."

Nilimwambia amezeeka. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Mwezi jana nilikazana mpaka akakubali. Shimo la nne pale ni mlima kweli. Alifika katikati akakaa kwenye nyasi, anahema. "Cheza tu, Boke. Leo mimi ni shabiki."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Si ungesema mapema nije na mtu mwingine?"

Nikapanda peke yangu. Nilipofika juu na kuingiza mpira, nilimsikia kutoka kule chini akipiga makofi na kuita, "Woiye, mmeona hiyo?" Uwanja mzima tulikuwa sisi wawili na kedi mmoja wa kutubebea fimbo. Sikugeuka.

Jumatatu alikuwa anajitayarisha kuja kazini, akaanguka jikoni. Walimkimbiza hospitali lakini hawakufika.

Jana nilienda kwao Roret. Dada yake Chebet alinipa kiti, akaniambia Chela alikuwa na shida ya moyo tangu mwaka juzi. Daktari alimwambia anaweza kutembea, lakini asipande milima.

Zile off za nusu siku alizoomba kila mwezi, sababu "personal", mimi ndiye nilikuwa naidhinisha. Sikuwahi kumuuliza anaenda wapi.

Nikamuuliza Chebet, "Mbona hakuniambia hata mimi?"

Chebet aliangalia chini. "Alitukataza. Alisema Boke akijua hatamwita tena. Ataanza kumwonea huruma, amwache nyumbani."

Sijalia. Nilikunywa chai, nikaosha vikombe na akina mama, nikaendesha gari mpaka Sotik. Barabara siikumbuki. Leo nimekaa ofisini, watu wanapita wananishika bega, nawaambia asante.

Mazishi ni Ijumaa, nyumbani kwao. Wenzetu wa kiwandani, basi linaondoka getini saa mbili asubuhi. Tafadhali tusichelewe.

Chela, ningekuita. Ningekuita kucheza shimo moja, ama mawili, ama kukaa tu kwenye nyasi bila kupiga chochote. Ningekaa na wewe. Yale maneno niliyokuambia pale mlimani, nisamehe.

Kongoi mising, asante sana, rafiki yangu. Pumzika, na usingizi wako uwe mwema.